Usiling'oe hilo ua, chukua mbegu

Mdau unayetaka kung'oa hilo ua la njano la jamii ya kunde huko kwenye mawe ya Capri Point, hapa Mwanza, ukalipande kwako Buswelu, tafadhali liache hapo. Maua mengi ya jamii hiyo yanayoishi miaka mingi yana mzizi mkuu unaozama chini sana, ukikatika ndo basi, na kwenye mawe utakatika tu. Subiri maganda yakauke uchukue mbegu chache, siyo zote, zisugue kidogo na msasa maana ganda lake gumu maji hayapenyi, loweka usiku kucha, panda moja kwa moja pale itakapokaa, halafu changanya na kiganja cha udongo wa hapo inapoota kwa sababu una bakteria wanaoisaidia mizizi kupata naitrojeni. Mimea adimu inaisha hivihivi jamani. Kule Georgia, Marekani, kuna Baptisia arachnifera, nayo ya njano, ya jamii hiyohiyo, porini ipo kaunti mbili tu, Wayne na Brantley, ikifyekwa huko hakuna pengine pa kuitafuta. Piga picha ya ua, jani na ganda uitume tuitambue kwanza.