NEWS si pande nne za dunia

Swali: Mwanangu wa darasa la sita aliandika kwenye jaribio la Kiingereza «The news is good», akakoseshwa. Mwalimu wake anasema ilipaswa kuwa «are», kwa kuwa NEWS ni kifupi cha North, East, West na South, na pande nne ni wingi. Nani yuko sahihi? Na kwa Kiswahili je, tuseme «habari hii» au «habari hizi»? Msomaji, Morogoro.

Jibu: Mtoto amepata. Katika Kiingereza cha leo «news» huchukua kitenzi cha umoja: «the news is», «the news was», «this news». Tena haihesabiki, kwa hiyo ile «I have a good news» inayosikika kila kona, tafsiri ya sisisi ya «nina habari nzuri», nayo ni kosa. Ondoa «a» ibaki «I have good news». Ukibanwa uhesabu, sema «a piece of news», kipande kimoja cha habari.

Swali la mtoto limekwisha hapo. Lakini hizo pande nne haziwezi kupita hivi hivi.

Hadithi hii ni sugu kuliko kunguni wa bweni. Imo kwenye madaftari ya shule, inarudiwa kwenye semina, inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na picha ya dira, na anayeisimulia huwa na uso wa mtu aliyeonjeshwa siri ya serikali. Tuikague taratibu, maana ikianguka hii, nyingi za aina yake zinaanguka nayo.

Anza na mpangilio. Dira ukiizungusha kufuata mshale wa saa inakupa kaskazini, mashariki, kusini, magharibi: N, E, S, W. Hilo si neno, ni chafya. Mwingereza akizitaja pande kwa mdomo husema north, south, east, west, sawasawa na sisi tunavyosema kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Ili upate NEWS inabidi uanze kaskazini, uende mashariki, uruke dunia nzima mpaka magharibi, kisha ushuke kusini. Hakuna nahodha anayesafiri hivyo. Herufi zimepangwa ili zilingane na neno ambalo tayari lilikuwapo.

Halafu angalia tahajia za zamani. Neno hili limo kwenye maandishi ya Waingereza tangu karne ya 14 na 15, na waandishi wa wakati huo, ambao hawakuwa na kamusi ya kuwasuta, waliandika «newes», «newis», «newys», kila mmoja na mkono wake. Sasa «newes» ina E mbili. Mashariki mara ngapi? Na ile Y ya «newys» ni upande upi wa dunia?

Kisha waulize majirani. Mfaransa huita habari «nouvelles», na pande zake ni nord, est, ouest, sud; hizo hata uzipange vipi hazikupi «nouvelles». Ila neno lenyewe, ukilifasiri moja kwa moja, ni «mapya». Mholanzi husema «nieuws», kutoka «nieuw», yaani -pya. Majirani wote wawili habari zao zimetoka kwenye upya. Iweje Mwingereza peke yake zake zitoke kwenye dira?

Aliyepaswa kushtuka mapema kuliko wote ni Mswahili, kwa sababu jambo hili tunalifanya kila siku bila kujua. Mtu akikukuta kijiweni anauliza: «Kuna jipya?» Ukimjibu hakuna, anakung'ang'ania: «Lete mapya, bwana.» Tumechukua kivumishi -pya, tukakivika kiambishi cha ngeli ya LI-YA, kikaanza kutembea chenyewe kama nomino bila kuegemea neno jingine: jipya, mapya. Mwingereza alifanya hivyo hivyo. Alichukua «new», akaibandika s ya wingi, akapata «news», mapya. Kiambishi chake kinakaa mkiani, chetu kinakaa kichwani, basi. Ile S si South. Ni «ma» ya mapya.

Kwa hiyo mwalimu amegusa ukweli kwa bahati: neno hili liliwahi kuwa wingi. Shakespeare ana mahali anaandika «these news», habari hizi, na katika tamthilia ya King John anaandika «this news», habari hii. Wakati wake neno lilikuwa njia panda. Baadaye likaelekea kwenye umoja likatulia huko, na s yake ikabaki kama kovu. Si peke yake: «mathematics» ina s na bado ni «is», na ugonjwa wa surua, «measles», nao kwa kawaida huchukua «is».

Kwa nini basi hadithi ya dira inatunasa kirahisi hivi? Kwa sababu tunaishi katikati ya vifupisho vinavyotamkika. Tanzania tumekuwa na TANU, tuna BAKITA, tuna TAKUKURU, na kwa miaka kadhaa kila ripoti ilikuwa na MKUKUTA. Ukimwi ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na umekolea kwenye lugha mpaka umejipatia ngeli: ukimwi huu, ukimwi umepungua. Tukizoea hivyo, tunadhani na Mwingereza wa mwaka 1400 alikuwa na kamati inayokaa kuunda vifupisho. Hakuwa nayo. Kufupisha jina refu mpaka litamkike kama neno la kawaida ni desturi iliyoshamiri karne ya 20, hasa majeshini. Hata neno la Kiingereza la kuitaja desturi yenyewe, «acronym», ni la miaka ya 1940. Vifupisho halisi vipo. «Radar» ilitoka jeshi la majini la Marekani mwaka 1940, kutoka radio detection and ranging. «Laser» ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini ukiambiwa neno lililotumika kabla ya 1900 ni kifupisho, shika mfuko wako.

Inayokera kuliko zote ni ya washereheshaji wa harusi: FAMILY, eti Father And Mother I Love You. Ukumbi unapiga vigelegele, mama wa bibi harusi anafuta chozi. Neno hilo Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, «familia», nalo linatokana na «famulus», mtumishi wa nyumbani, na kwa Warumi mtumishi wa nyumbani mara nyingi alikuwa mtumwa. Familia ya Mrumi ilikuwa kila aliye chini ya mamlaka ya mwenye nyumba, watumwa wakihesabiwa humo, na «family» ya Kiingereza nayo mwanzoni ilitumika kwa watumishi wa nyumba. Baba na mama ndani ya herufi zile hawamo, na mapenzi ndiyo kabisa. Jaribu kulisema hilo ukumbini uone kama keki itakatwa.

GOLF nayo eti ni Gentlemen Only, Ladies Forbidden, wanawake marufuku. Mwaka 1457, chini ya mfalme James II, bunge la Scotland lilipiga marufuku gofu na mpira wa miguu, na neno «golf» limo kwenye sheria hiyo. Waliokuwa wakikatazwa ni wanaume, kwa sababu walikuwa wanakimbilia michezo badala ya kufanya mazoezi ya upinde na mshale.

TIP, ile bahashishi ya mhudumu, eti ni To Insure Promptness. Hata tahajia yake inatia shaka: «insure» kwa kawaida ni kukatia bima, ungetarajia «ensure», kuhakikisha. Neno lenyewe lilianza kwenye lugha ya wezi wa Uingereza karne ya 17, likiwa na maana ya kupenyeza kitu mkononi mwa mtu, na kwa namna bahashishi inavyotolewa mjini, maana hiyo bado haijafutika.

Mwalimu akitumia NEWS kumsaidia mtoto akumbuke herufi za dira, sina ugomvi naye. Hata SOS, ishara ya meli kuomba msaada, wapo wanaoikumbuka kwa Save Our Souls, tuokoeni roho zetu, ingawa ilichaguliwa tu kwa sababu katika alama za Morse za simu ya maandishi ni nukta tatu, vistari vitatu, nukta tatu, rahisi kusikika katikati ya kelele. Ni mbinu ya kukumbuka, aiseme hivyo. Akianza kusahihishia sarufi kwa mbinu hiyo, ndipo mtoto anapokoseshwa kwa jibu sahihi.

Sasa habari yetu. Ni Kiarabu, «khabar», na wingi wake huko ni «akhbar». Sisi tuliuchukua umoja tu tukauingiza ngeli ya I-ZI, ambamo nomino haibadiliki: habari hii imenishtua, habari hizi zimenishtua. Zote sahihi, inategemea una ngapi. Katika salamu, «habari za asubuhi» ndiyo inayopendelewa na wengi, maana mambo ya kuuliziana ni mengi; «habari ya asubuhi» nayo imeenea mno, na asubuhi si saa ya kugombana na mtu. Redioni ni «taarifa ya habari», na hapo kitenzi hufuata taarifa: taarifa ya habari imesomwa, hata kama ndani yake mna habari kumi na mbili. Kisichokubalika ni kuchanganya, «habari hii zimenishtua».

Mtoto arudishiwe alama yake.