Shangazi, mimi nibaki na mabegi?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mume wangu anakimbia na wenzake wa jogging kila Jumamosi, na Februari wanakwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon. Ameshajiandikisha kilomita 21. Safari hii amesema twende wote, iwe mapumziko ya familia: tuondoke Ijumaa, tufikie kwa mama yake Kibosho, Jumatatu turudi.

Binti yetu ana miaka 14, anang'ang'ania kukimbia 21 na baba yake. Mdogo wake wa kiume ana miaka 9. Mama mkwe ana miaka 66, anatumia dawa za presha, na ametuma ujumbe kwamba naye anataka fulana na medali kama wengine. Mimi sijakimbia tangu niache shule. Mume wangu anasema nitakaa uwanjani na mabegi, niwapige picha wakimaliza. Sijakataa, lakini moyoni nimeumia. Je, ni vibaya nikisema nami nataka kushiriki? Na hawa wengine niwapange vipi?

Mama wa Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Mama mkwe mpe salamu zangu, nimempenda kabla sijamwona.

Nianze na wewe, maana wengine wote umewataja kwa mbio zao, wewe ukajitaja kwa mabegi. Jiandikishe kilomita 5. Si jambo la kuomba ruhusa. Mwambie baba watoto kwamba namba za kulipia zimebaki nne: ya binti, ya mdogo wake, ya bibi na yako.

Nimekaa katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika pale Moshi, mbio zinapoanzia na kumalizikia, nikawatazama kina mama wa mabegi. Mmoja alikuwa ameketi kwenye nyasi, majaketi ya watu wanne mapajani, ndala na taulo kwenye mfuko, simu za wenzake zinalia na hajui ipi apokee, mtoto kasinzia begani, jua limeshapanda. Mumewe alipotokea na medali shingoni alimpokea kwa furaha ya kweli kabisa. Akampa maji, akampiga picha, kisha akarudi kukunja majaketi. Alikuwa amesafiri safari ile ile, amelala gesti ile ile, na bila shaka ndiye aliyeamka wa kwanza kuwaamsha wengine. Nilitamani mtu mmoja tu wa nyumbani kwake awe amemwambia: na wewe vaa raba.

Watu husema wanawake hawana habari na mbio. Marathon ilikuwamo kwenye Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896, lakini wanawake hawakuruhusiwa kuikimbia kwenye Olimpiki mpaka Los Angeles, 1984. Miaka 88 wamewekwa pembeni! Waliporuhusiwa hawakuzubaa. Magdalena Shauri wetu alikimbia Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, akashika nafasi ya tatu. Sisemi ukakimbize mwendo wa Magdalena. Ninachotaka ujue ni kwamba waliobaki pembeni hawakubaki kwa sababu ya miguu yao, na wewe vivyo hivyo.

Sasa mazoezi. Kilomita 5 kwa mtu mzima mwenye afya ni mwendo wa kutembea wa saa moja hivi, au zaidi kidogo. Anza wiki hii, siku tatu kwa wiki, dakika 20, alfajiri au jioni jua likipoa. Kila wiki ongeza dakika tano mpaka ufike saa nzima. Mwili ukizoea, changanya: tembea dakika nne, kimbia pole pole dakika moja, rudia. Kipimo chako ni mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kuikata, uko sawa; ukishindwa, punguza. Raba zako ziwe umeshazitembelea wiki kadhaa, kwa sababu mpya zitakuchubua visigino kabla hujafika kilomita ya pili. Na nunua sidiria ya mazoezi, ile inayokaza. Wanawake wengi wanadhani wameshindwa mbio kumbe wameshindwa na maumivu ya kifua, na hakuna aliyewaambia.

Mabegi yafungiwe chumbani. Siku ya mbio kila mtu abebe vyake: simu, hela kidogo, ufunguo, vyote kwenye kipochi cha kiunoni. Baba watoto naye amalize na jasho lake, hatakufa kwa kukosa fulana ya kubadilisha kwa nusu saa.

Lakini nikuambie linalonitia wasiwasi kuliko mbio zenyewe: Jumamosi ya Kibosho. Mkamwana kafika kutoka Dar, habari zimeenea, mashemeji wanakuja, wifi wanakuja, majirani wanapita kusalimia. Nani atamenya ndizi? Nani atakaa kwenye moshi wa mafiga, nani ataosha masufuria ya mtori? Ikifika saa mbili usiku wanaume wameinua miguu kwenye viti kwa ajili ya kesho, na wewe umesimama tangu asubuhi. Jumapili unaamka saa kumi alfajiri na magoti yamekwisha. Halafu watasema, tuliwaambia hawezi.

Kwa hiyo mume wako aongee na mama yake mapema. Aongee yeye, siyo wewe. Neno hilo likitoka kwa mkamwana linageuka uvivu, likitoka kwa mwanawe linakuwa mpango. Jumamosi mle chakula cha mchana Kibosho, chakula chepesi cha kupikwa na wengi, na jioni mteremke wote mjini mlale gesti, bibi akiwemo. Vyumba vya Moshi hujaa mapema sana wiki hiyo, wekeni nafasi sasa hivi. Na kuna sababu ya pili: nusu marathon hupanda barabara ya Mweka, upande huo huo wa Kibosho, na asubuhi ya mbio barabara nyingine hufungwa. Mkilala juu mnaweza kuikosa mbio kwa kukosa gari. Jumapili jioni pandeni tena, hapo hata ng'ombe achinjwe, na wote mkae jikoni mkiwa na medali.

Mama mkwe. Wanawake wa Kibosho wamepanda na kushuka ule mlima na mikungu ya ndizi kichwani tangu usichana. Huenda ana pumzi kuliko wewe na mimi. Presha ndiyo ya kuangaliwa. Aende kliniki anakochukulia dawa, apimwe, amweleze daktari kwamba anataka kutembea kilomita 5 juani, akubaliwe kwanza ndipo mlipe namba. Dawa zake nyingine zinaweza kumpeleka chooni mara kwa mara, na najua wazee wengi huziruka siku ya safari ili wasisumbuke. Asiruke hata moja. Daktari ndiye amwambie saa ya kumeza siku hiyo. Avae kofia, jua la Moshi mwishoni mwa Februari ni kali. Maji anywe kwa kiu yake, mafunda machache kila kituo. Kujaza tumbo maji kupita kiasi huzimua chumvi ya mwili, na watu wa mwendo wa taratibu hupatwa na hilo kuliko wenye kasi, kwa kuwa wana muda wa kunywa kila kituo.

Tembea naye wewe mwenyewe, bega kwa bega. Akisema kifua kinabana, au kizunguzungu, au akitoka jasho la baridi, au pumzi hairudi hata mkisimama, basi mbio imeishia hapo. Muite mtu wa huduma ya kwanza. Msikubali akuambieni "tumalize tu, bado kidogo."

Binti asikimbie 21. Hata kama baba yake ameahidi. Someni masharti ya umri kabla ya kubishana naye, lakini hata pasingekuwa na sharti ningekataa: mifupa ya mtoto wa miaka 14 bado inakua, na saa mbili na zaidi za kupiga lami, mlima kwenda na mteremko kurudi, si zawadi ya kumpa mtoto. Angekuwa wa kiume ningesema hivyo hivyo. Mpe kilomita 5 akimbie kwa nguvu zake zote, peke yake, bila kusubiri mtu, mumpimie muda. Huyo anayeng'ang'ania ana kitu. Shuleni kwake mwalimu wa michezo ajue, kuna UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kuna mita 1,500 na 3,000 zinamsubiri. Usiuache moto huo uzimike kwa kuambiwa "wewe bado mdogo" tu basi.

Wa miaka 9 nitakuambia atakavyofanya: ataondoka mbio, mtamwona kisogo, na baada ya mita 300 mtamkuta amesimama anashika ubavu. Msimgombeze. Mchukueni katikati yenu, atembee na bibi, akipata nguvu akimbie hadi mti ule, asubiri. Mwandikie namba ya simu yako mkononi kwa kalamu ya wino kabla hamjatoka gesti. Uwanja ule hujaa watu wasiohesabika, na kelele za muziki ni kubwa. Chagueni Jumamosi mahali pa kukutania, pasiwe getini wala kwenye mstari wa kumalizia, pawe penye kivuli na alama ambayo hata yeye anaikumbuka.

Baba watoto mwambie jambo moja. Mazoezi ya tambarare ya Tabata hayamtoshi kwa Mweka. Kupanda kutamchosha pumzi, lakini kuteremka ndiko kutakakomvunja mapaja. Jumamosi kadhaa waende na wenzake milima ya Pugu, wapande na washuke.

Basi la Ijumaa lichukueni la asubuhi pale stendi ya Magufuli. Ni zaidi ya kilomita 500, miguu itavimba. Mkisimama Korogwe au Mombo kula, msikae tena kwenye viti. Tembeeni mpaka honi ipigwe. Jumamosi usiku kuleni mlivyozoea, wali au ndizi, mbege isubiri Jumapili. Ruhusa ya shule ya Jumatatu iombwe mapema, kwa barua.

Picha ya mwisho uwanjani apige mtu mwingine.

SWALI

Hujambo Shangazi. Mimi ni baba, naishi Likoni, Mombasa. Juni kazini kwetu tumepanga kwenda mbio za hifadhi ya wanyamapori ya Lewa na familia, watu wazima wakimbie nusu marathon na watoto wawe na mbio yao fupi. Kijana wangu wa miaka 12 ana pumu na anataka kukimbia. Mamake hataki kusikia. Mimi nimebaki katikati.

JIBU

Sijambo baba. Mamake ana haki ya kuogopa. Ameamka usiku na huyo mtoto, anajua sauti ya kile kifua. Msimpuuze, mpelekeni yeye na mtoto kwa daktari pamoja, aulize maswali yake yote mwenyewe.

Lewa ina mambo matatu ya kuangalia kwa mtoto mwenye pumu. Iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na nyinyi mnatoka ufukweni kabisa. Njia ni za udongo ndani ya hifadhi, kwa hiyo vumbi. Na Juni asubuhi kule kuna baridi ambayo mtoto wa Likoni hajawahi kuivuta puani. Lakini pumu iliyodhibitiwa haimfungi mtu. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu, naye alikimbia marathon ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 2019, ikavunjwa Chicago na Brigid Kosgei, Mkenya mwenzenu. Mwambieni kijana habari hiyo.

Muulizeni daktari kama apulize dawa yake kabla ya mbio, na dakika ngapi kabla. Fikeni siku moja au mbili mapema. Apashe mwili moto pole pole kwa muda mrefu kuliko wenzake, na kitambaa chepesi mdomoni kwa ajili ya vumbi na baridi. Aanzie pembeni ya njia, asiwe katikati ya miguu ya watu. Kama wiki hiyo amekohoa usiku hata mara moja, hakimbii, na hilo mkubaliane naye mkiwa bado Mombasa, asije akalia kule.

Pampu ya dawa iwe mfukoni mwake mwenyewe, si kwa mamake aliyekaa upande wa pili wa uwanja. Nunueni nyingine ya akiba kabla ya kuondoka, mkague tarehe ya mwisho ya kutumika, maana kutoka ndani ya hifadhi hadi duka la dawa Isiolo au Nanyuki si mwendo wa mtoto anayebanwa na kifua.