Barua kwa Mwanangu: Nani Anamdai Mwenzake?

Makete, Njombe

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Mama yako na mimi hatujambo, isipokuwa baridi ya Juni, ambayo mwaka huu imeunguza majani ya viazi vyote vilivyochelewa kupandwa huku bondeni.

Ulikuja kutoka Dar es Salaam kuhudhuria ibada ya kuniaga, ukanisikia nikiushukuru usharika kwa muda mrefu kuliko mahubiri yenyewe, na baada ya kurudi kwako ukaniandikia swali ambalo nadhani ulikuwa nalo tangu utotoni. Umeuliza watu hawa wamenipa nini hata niwashukuru kiasi kile, ilhali kwa hesabu zako wao ndio wadaiwa na mimi ndiye mdai. Kwa kuwa wewe ni mhasibu, umeniorodheshea: mishahara iliyochelewa, nyumba ya mchungaji iliyovuja kila masika, likizo ambazo sikuwahi kuzimaliza kwa sababu ya msiba wa huyu au yule, na kuku wetu waliochinjwa kwa ajili ya wageni wa kanisa huku ninyi watoto mkigawana shingo na miguu. Sina ubishi na lolote kati ya hayo, na la kuku nakiri lilikuwa kweli tupu. Ninachokuomba ni kwamba, kabla hujafunga daftari, uniruhusu niandike upande wa pili, maana wewe ulikuwa mtoto na mengi yalipita juu ya kichwa chako.

Nianze na mambo ya fedha, kwa kuwa ndiyo unayoyajua. Unakumbuka mnada wa baada ya ibada, ambao ninyi watoto mliupenda kuliko mahubiri. Asiye na fedha huleta alicho nacho, awe na kabichi, debe la viazi, mayai matano kwenye kibakuli au jogoo aliyefungwa miguu, kisha mzee mmoja mwenye sauti husimama mlangoni na kunadi. Wewe uliona kelele na kicheko. Mimi niliyesimama pembeni nikiwapa watu mikono niliona jinsi kabichi moja ilivyonunuliwa na mwalimu, ikarudishwa mezani, ikanunuliwa na muuza mbao, ikarudishwa tena, na mwishowe ikanunuliwa na kijana aliyeipeleka moja kwa moja jikoni kwa mama yule yule aliyeileta, kwa sababu wote walijua kwamba nyumbani kwake hakukuwa na mboga nyingine. Hakuna aliyetangaza jambo hilo, na mama yule hakuaibishwa. Kabichi ile iliingizia kanisa fedha mara tatu, na mwenye nayo akaila. Sijui katika vitabu vyenu ingeandikwa safu gani, lakini mshahara wangu ulitoka humo, na kila ulipochelewa nilijua umechelewa kwa sababu watu hawana, wala hawakuwa wamenisahau. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye bahasha yake ya ahadi niliitambua kwa mlio, kwa kuwa siku zote ilikuwa na sarafu moja tu. Kula mkate unaotokana na sarafu ile ni jambo la kutisha kidogo, na ninakushauri usilipitie haraka.

Jambo la pili ni kwamba watu hawa walinipokea nikiwa mgeni. Mimi ni Mbena, na ingawa Ubena na Ukinga ni majirani, nilipofika hapa sikuwa na neno la Kikinga zaidi ya salamu. Ibada za Jumapili hazikunisumbua, kwa kuwa ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini msibani mambo yalikuwa mengine: mtu aliyefiwa hulia kwa lugha aliyonyonya, na mchungaji anayemfariji kwa lugha ya shuleni ni kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua mlango wake uko upande gani. Wazee wa kanisa waliligundua hilo kabla sijalisema. Mmoja wao akawa anafuatana nami kila msiba, ananitangulia kusema maneno machache, kisha ananipisha, na tukiwa njiani kurudi ananieleza kwa nini yule mama alikaa vile, kwa nini shangazi hakusalimiwa kwanza, na kwa nini ilifaa ninyamaze pale nilipozungumza. Chuoni nilifunzwa mafundisho ya imani na namna ya kuandaa hubiri, na ninawaheshimu walimu wangu, lakini uchungaji wenyewe nilifunzwa na wakulima wa viazi na pareto, ambao hawakunidai ada.

Kisha ikaja ile miaka ambayo wewe unaikumbuka kama miaka ya misiba. Katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, Makete ilitajwa nchi nzima kwa ajili ya UKIMWI na yatima wake. Watu wetu ni wachuuzi, huenda Mbeya, Iringa, Dar es Salaam na mbali zaidi kutafuta riziki, na wengi walirudi nyumbani wakiwa wagonjwa ili wauguzwe na mama zao. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na kabla ya hapo tulichoweza kuwapa wagonjwa kilikuwa uji, maji ya moto, kugeuzwa kitandani na sala. Kulikuwa na majuma ambayo nilitoka kaburini nikaelekea kaburi jingine bila kupita nyumbani.

Nataka uelewe vizuri kilichotokea wakati ule, kwa sababu hapo ndipo deni langu lilipokua hata nikaacha kulihesabu. Mafundi seremala wa usharika walipasua mbao za misonobari usiku kwa mwanga wa karabai na kutengeneza majeneza, na familia isiyo na kitu haikuulizwa bei. Vijana wa kwaya walichimba makaburi asubuhi na kuimba jioni, wakiwa bado na udongo kwenye viatu. Akina mama waligawana kaya zenye wagonjwa kwa kufuata jumuiya zao, wakabeba kuni na maji, na walifua mashuka ambayo hata ndugu wa damu waliogopa kuyagusa, katika siku ambazo hofu ya ugonjwa ule ilikuwa kubwa kuliko elimu yake. Ilitokea mara moja, katika maziko ya kijana niliyemfungisha ndoa mwenyewe, nikafungua kitabu cha ibada na sauti ikakataa kutoka. Yule mzee niliyekutajia alisogea, akakitwaa kitabu mkononi mwangu bila haraka, akasoma mpaka mwisho, akamwaga udongo, akatoa baraka iliyopaswa kutolewa na mimi, na tuliporudi hakulizungumzia kabisa. Kwa utaratibu wa kanisa pengine kuna la kuhoji hapo. Mimi nilishukuru Mungu kwamba siku ile kundi lilikuwa na nguvu ya kumchunga mchungaji wake.

Darasa lako la kipaimara unalikumbuka. Ulikuwa umevaa shati jeupe alilokushonea mama yako, likiwa limekupwaya mabegani. Kwa desturi yetu, mtoto anapoitwa mbele wazazi wake husimama nyuma yake, nami usiku wa kuamkia Jumapili ile nilipoipitia orodha ya majina niliona kwamba zaidi ya nusu ya watoto hawakuwa na mzazi hata mmoja. Niliazimia kuifuta desturi hiyo kimya kimya, watoto waje mbele peke yao wote, ili yatima wasijulikane. Asubuhi, kabla ya kengele ya pili, akina mama wa Umoja wa Wanawake walinifuata chumba cha mchungaji wakanieleza kwamba wamekwisha kupanga, na kila mtoto ana watu wake. Nilipoita jina la kwanza la mtoto asiye na wazazi, walisimama mume na mke waliokuwa na watoto wao saba nyumbani, wakaja wakamwekea mikono mabegani. Jina la pili alisimama babu mmoja na fimbo yake. Ikaendelea hivyo hadi mwisho wa orodha, na hakuna mtoto aliyepiga magoti bila mkono wa mtu mzima juu yake. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, kwa hiyo hukuona. Wengi kati ya waliosimama siku ile waliwalea watoto wale kweli, wakawalipia shule kwa magunia ya viazi na kwa miti waliyoikata kabla haijakomaa, na miongoni mwa watoto hao wako waliobeba masanduku yako uliposhuka kwenye basi majuzi, wakikuita kaka.

Sisemi kwamba usharika wetu ni wa malaika. Umeishi nyumbani kwa mchungaji, kwa hiyo unajua magomvi ya kwaya, na unajua kinanda kimoja kinavyoweza kugawanya watu kuliko mafundisho ya uongo. Pengine hujui kwamba wakati mmoja baadhi ya wazee walimwandikia mkuu wa jimbo barua wakiomba nihamishwe, kwa madai kwamba nilikuwa mkali katika mambo ya fedha. Aliyeiandika kwa mkono wake alikuwa jirani yetu, nami niliutambua mwandiko. Hakuja kuomba msamaha, wala mimi sikumwita. Lakini mwaka uliofuata, baridi ilipoanza, alikuja na tofali zake na udongo wake, akapanda juu ya paa na kutengeneza dohani yetu iliyokuwa ikirudisha moshi ndani, akanywa chai, akaaga. Alifanya hivyo kila mwaka hadi alipokufa. Nimesoma mengi juu ya upatanisho, na bado sijui kama ule ulikuwa upatanisho au ujirani tu, ila moto uliwaka vizuri.

Juu ya mama yako sitaandika mengi, kwa kuwa yeye mwenyewe yupo na anaweza kukusimulia. Alipolazwa kwa muda mrefu, nawe ukiwa bweni, hakulala hospitalini usiku hata mmoja bila mwanamke wa usharika chini ya kitanda chake, juu ya mkeka. Walipokezana kwa zamu waliyoipanga wao, wakitembea kwa miguu kwenda na kurudi, na nilipotaka kuwapa angalau fedha ya sabuni walinifokea kama mtoto.

Umeuliza pia, kwa sentensi moja fupi mwishoni, kama niliwapenda wao kuliko ninyi. Nimekaa na sentensi hiyo kwa muda. Jibu ni hapana, lakini sikuweza kuwapenda ninyi mbali nao, kwa sababu ninyi mlikuwa wao. Uliumwa surua ukiwa mgongoni kwa mke wa mwinjilisti. Ulijifunza kusoma noti za muziki kwa mwalimu wa kwaya, na ulipofaulu kwenda sekondari, godoro ulilolalia lilinunuliwa kwa mchango wa mtaa wa juu, ingawa niliwaomba wasikwambie ili usione haya. Muda niliowapa wao ulitoka kwenu, hilo naliona. Muda waliowapa ninyi ulitoka kwa watoto wao nao, na sijawahi kuwasikia wakiudai.

Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, akawaambia kwamba humshukuru Mungu kila awakumbukapo, na mwishoni mwa waraka akaingia katika mambo ya matumizi: kwamba alipotoka Makedonia hakuna kanisa jingine lililoshirikiana naye katika kutoa na kupokea isipokuwa wao, na kwamba amepokea vitu walivyompa Epafrodito ampelekee. Napenda kwamba mtume hakuona aibu kuchanganya shukrani na risiti. Zamani niliyahubiri maneno yale kana kwamba ni adabu ya kufungia barua, lakini siku hizi nayasoma kama mtu aliyepelekewa blanketi.

Usharika huu, kumbuka, ulikuwapo kabla yangu. Wamisionari wa Berlin walifika Ukinga mwishoni mwa karne ya 19, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, na vita ya pili ilipowaondoa tena, waliobaki kufundisha katekisimu, kubatiza walipoweza na kuzika wafu walikuwa waalimu na wazee wenyeji, wajukuu zao ndio hawa uliowaona wakinadi jogoo. Kanisa letu lilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba ya Kilutheri ya nchi hii, huku tayari kulikuwa na watu waliojua kuliendesha. Kwa hiyo sikuleta kanisa mahali hapa. Nilikaribishwa ndani yake, nikapewa kiti cha mbele, nikapikiwa.

Kuhusu pendekezo lako kwamba tuhamie huko kwako Dar es Salaam, tunashukuru, na tutakuja kukaa na wajukuu baada ya mavuno, ila hatutahama. Halmashauri ya usharika imetupa kipande cha ardhi upande wa chini wa kanisa, na mchungaji mpya, kijana mwenye adabu, ameniomba niwe nafuatana naye misibani kwa kuwa ametoka Upangwa na Kikinga hakijui. Nimekubali.

Msalimie mkeo na watoto. Mama yako anasema Desemba mje na makoti ya kweli, yale mliyokuja nayo mara iliyopita yalikuwa ya mapambo.

Ni mimi baba yako.