Kwa walimu wa ajira mpya: kazi ni kitu kimoja, usajili ni kingine

Kila ajira zikitoka, shule yetu ya kata hapa Moshi Vijijini hupata walimu wapya wawili watatu. Swali la kwanza ni nyumba, la pili ni cheki namba, ile namba ya kulipiwa mshahara serikalini, itatoka lini. Sijawahi kusikia anayeuliza cheki namba inavyopotea, ndiyo maana naandika.

Mkononi mna vitu viwili, na wengi huvichanganya. Kuna ajira, ambayo nidhamu yake iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoanza kazi mwaka 2016 (sisi wazee bado ulimi huteleza tukasema TSD, jina la idara iliyoitangulia). Na kuna usajili. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa kuwa mwalimu au, kwa ambaye hakusomea ualimu, bila leseni ya kufundisha. Mwaka 2018 ikatungwa pia sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, chombo cha kusajili walimu. Ukifukuzwa kazi serikalini, bado unaweza kupata vipindi shule binafsi ya Moshi mjini au Njiro kule Arusha. Ukifutwa kwenye rejista, hata huko hawaruhusiwi kukukabidhi chaki.

Makosa yanayomaliza mambo kabisa mnayajua. Cheti cha kughushi: mwaka 2017 watumishi 9,932 waliondolewa kwa ajili hiyo, walimu wakiwemo. Mapenzi na mwanafunzi: ukimpa mimba, tangu marekebisho ya 2016 sheria inasema miaka 30 jela, kwa hiyo suala la usajili hapo ni dogo. Kuvujisha mtihani. Sina ushauri wa kumpa mtu wa makosa hayo.

Nina ushauri kwa watu wema wanaoanguka kwa uzembe, maana nilikuwa mmoja wao.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipanda Rombo kwa Krismasi kama Mchaga yeyote. Baba akaugua, nikampigia mkuu wa shule, akasema, “Kaa, umuuguze, mwalimu.” Nikakaa. Shule zilipofunguliwa Januari sikuwepo siku nane. Niliporudi mkuu alikuwa amehamishwa, mpya hakuwa na habari zangu, na kwenye daftari la mahudhurio jina langu lilikuwa tupu chini ya mstari mwekundu. Kukosekana zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi. Nikaletewa hati ya mashtaka. Ruhusa ya mdomo ilikuwa imeondoka na mwenye mdomo.

Kilichoniokoa ni kadi ya hospitali ya baba yenye tarehe, na mama mmoja wa ofisini aliyenikalisha kuandika utetezi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne za kulia. Akaichana. “Wameuliza ulikuwa wapi tarehe hizi. Jibu hilo.” Nikatoka na onyo. Tangu siku hiyo hata nikienda mazikoni Kibosho kurudi jioni, naacha karatasi.

Viboko ndipo vijana wengi wanapoteleza, kwa kuwa nao walichapwa na wanaona ni jambo la kawaida. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, tena kwa kosa zito. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo, na adhabu inaandikwa daftarini. Wewe uliyeripoti juzi hujateuliwa na mtu. Mtoto akivimba mkono na mzazi akashuka polisi, hakuna atakayesimama kusema alikutuma, hata yule aliyekuita darasani mwake ukamsaidie “kuwanyoosha”.

Ulevi na mikopo ya kausha damu nitasema kifupi: mkopeshaji akianza kukufuata getini, utoro hauko mbali.

Sasa kurudi kazini ukishafukuzwa. Mwenzangu mmoja alifukuzwa, akarudi baada ya rufaa, nami nilimsindikiza kwenye ofisi hizo kwa Hiace mpaka makondakta wakatuzoea. Nilichojifunza ni kwamba rufaa hailengi huruma. Wanaangalia kama ulipewa mashtaka yanayoeleweka, kama ulisikilizwa, kama ushahidi unafanana na kosa lililoandikwa. Uamuzi wa wilaya unapelekwa Tume, na baada ya Tume yuko Rais. Mwenzangu alishinda kwa sababu kikao kilimhukumu bila kumwita, na alikuwa na nakala za kuonyesha hivyo. Angechelewa muda ulioandikwa kwenye barua ya uamuzi, haki yake ingebaki stori ya kijiweni.

Aliyefutwa usajili ana mlima mrefu zaidi, kwa kuwa anatakiwa kuonyesha kilichomfuta hakikuwa kweli, au kimekwisha. Wa vyeti feki mwaka 2022 serikali ilikubali kuwarudishia michango yao ya mifuko ya pensheni. Kazini hakuwarudisha.

Kwa hiyo ukiletewa barua, usisaini kwa hasira na usikatae kuipokea. Andika tarehe uliyoipokea, itoe kopi, ujibu kabla ya siku waliyotaja. Ukipeleka majibu, beba nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa “imepokelewa” ukiwa umesimama pale dirishani, hata wakikwambia muhuri uko kwa bosi na bosi yuko chai.