Mshahara Ukichelewa, Wafanyakazi Waambiwe

Kwa miaka saba nilisimamia idara ya mafunzo ya hoteli katika chuo kimoja cha kibinafsi mjini Malindi, na nilichojifunza ni kwamba mshahara kuchelewa humvunja moyo mwalimu, lakini kunyamaziwa humvunja zaidi.

Chuo cha kibinafsi huishi kwa karo. Karo yetu ilitoka kwa wavuvi, wafanyakazi wa hoteli na wenye mashua zinazopeleka wageni kwenye Hifadhi ya Bahari; kwa hivyo kusi inapoanza kuvuma mwezi wa Aprili, bahari ikachafuka na baadhi ya hoteli zikafunga kungojea wageni wa Julai, karo hukatika, na mishahara nayo hukwama. Hali hii hujulikana kila mwaka kabla haijafika, ndiyo maana sioni kwa nini ifanywe siri ya ofisi ya mhasibu.

Mwaka mmoja, Mei iliisha bila mshahara wala neno. Mwalimu wetu wa upishi, mama asiyewahi kuchelewa darasani, alinunua mtungi wa gesi kwa pesa zake ili wanafunzi wasikose mtihani wa vitendo, akaniwekea risiti mezani. Ilikaa pale hadi maandishi yakafifia. Hakulalamika hata siku moja; ila muhula uliofuata alifundisha vipindi vyake tu na kuondoka, nami sikuwa na uso wa kumwomba zaidi.

Ndugu msimamizi, waite wafanyakazi mwezi wa Machi, uwaonyeshe karo iliyoingia na inayodaiwa, kisha uwape tarehe ya malipo unayoweza kuitimiza. Pesa zikiwa haba, ni afadhali kila mtu apate sehemu, kuanzia wapishi na walinzi, kuliko wachache walipwe kikamilifu. Mikataba pia isipuuzwe: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka ajira ya miezi mitatu au zaidi iandikwe, na inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, lakini nimeona walimu wakifundisha mihula mfululizo kwa ahadi ya mdomo, bila kujua kama muhula ujao watakuwapo. Mtu wa namna hiyo hawezi kulaumiwa akisahihisha karatasi huku akitafuta kazi kwingine.

Na kama mezani pako kuna risiti kama ile, ilipe kabla ya kuitisha kikao cha kuwahimiza watu wafanye bidii.