Katekista mpya, sikiliza kwanza wanavyosali Baba Yetu

Mwalimu mwenzangu, umekabidhiwa darasa lako la kwanza la watu wazima wanaotaka kuingia Kanisa Katoliki, na utakuta wengi wao walishampokea Kristo zamani. Wanatoka usharikani KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kwa Waanglikana, kwa Wamoravian, kwa Wapentekoste. Wengi huja kwa sababu ya ndoa, wachache kwa sababu kuna jambo limewagusa. Nimefundisha watu wa namna hii miaka mingi huku Kilimanjaro, ambako Kibosho, Kilema na Rombo waliwapokea wamisionari Wakatoliki, Machame na Marangu wakawapokea Walutheri, na watoto wao wakaoana tangu hapo hadi leo. Ninayokuandikia nimeyapata darasani, mengine kwa kukosea.

Siku ya kwanza usifundishe. Waombe wasali Baba Yetu, kila mtu kama alivyolelewa, nawe usikilize. Sisi Wakatoliki tunasema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike". Wao "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe". Sisi tunaomba mkate wetu wa kila siku, wao riziki. Sisi "usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni", wao "usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu", na sisi tukishasema Amina wao bado wanaendelea: "kwa kuwa ufalme ni wako". Umeshaliona hili msibani. Sala inaanza kwa sauti moja, inapasuka katikati, wachache wanaimalizia kwa kunong'ona. Mgeni akijisikia ametoka nje ya mstari, anadhani amekosea mbele za Mungu. Mwambie papo hapo kwamba hajakosea. Hizo ni tafsiri mbili za sala ileile ya Bwana, na yale maneno ya mwisho hata sisi tunayasema katika Misa, baada ya padre kuomba tuopolewe na maovu yote. Nimeona mabega ya watu yakishuka kwa kusikia hilo tu.

Kuna upande wa pili ulio mgumu zaidi: neno moja, mambo mawili. Mlutheri atakuambia, "Mwalimu, mimi kipaimara ninacho." Ni kweli anacho. Alisoma, akasimama mbele ya usharika, akakiri mwenyewe imani aliyobatiziwa. Kwetu kipaimara ni sakramenti: mhudumu wake wa kawaida ni askofu, au padre aliyepewa mamlaka, naye humpaka mtu mafuta matakatifu ya krisma na kumtia mhuri wa Roho Mtakatifu. Usimwambie kwamba kile chake kilikuwa bure. Mweleze kwamba neno ni moja ila tendo ni tofauti, na kwamba hili atalipokea. Hata amri za Mungu zina mtego wake. Ukitaja amri ya sita, Mkatoliki na Mlutheri wote wanajua unazungumzia uzinzi, lakini kwa Mwanglikana amri ya sita ni "usiue", kwa kuwa wao huitenga amri ya sanamu iwe ya pili na kuziunganisha zile mbili za kutamani. Usipolijua hili utafundisha somo zima huku nusu ya darasa ikiwaza mauaji.

Sasa nikuambie kosa langu kubwa. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nafundisha Ekaristi, sakramenti ya mkate na divai, nikamwambia mama mmoja aliyetoka KKKT, "Kwenu mkate ni ishara tu." Alinyamaza kidogo, akaufunga mkoba wake, kisha kwa upole mkubwa akaanza kusema alichokariri akiwa binti: kwamba Sakramenti ya Altare ni mwili wa kweli na damu ya kweli ya Bwana wetu Yesu Kristo, chini ya mkate na divai, tuile na kuinywa sisi Wakristo. Ni Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529. Alikuwa akiiamini kwa moyo wote, nami nilikuwa nimemsingizia mbele ya watu. Nilimwomba radhi hapohapo. Nikaenda nyumbani na kuanza kujifunza upya, safari hii kuhusu wao.

Kwa hiyo usiwaweke wote kapu moja. Mlutheri anakiri kwamba Kristo yupo kweli, pamoja na mkate. Wanaofuata njia ya Calvin wanasema tunampokea kweli, lakini kiroho, kwa imani. Wabaptisti na Wapentekoste wengi hushika kwamba ni ukumbusho. Waanglikana utawakuta wametawanyika katika hayo yote. Sisi tunafundisha kwamba baada ya maneno ya Kristo mkate haubaki mkate tena: kiini chote kimegeuka kuwa mwili wake, imebaki sura, ladha na umbo. Ndiyo maana tunapiga goti mbele ya tabernakulo, kisanduku inamotunzwa Ekaristi, hata kanisa likiwa tupu saa nane mchana, na ile taa ndogo haizimwi. Wapeleke wakaione taa hiyo. Kaa nao kimya dakika kumi. Kwa wengi, somo la Ekaristi huanzia pale.

Hapo ndipo swali la komunyo, yaani kupokea Ekaristi, linapozaliwa, na litakuja kwa uchungu: "Kwa nini mume wangu asipokee nami tunasali kanisa moja?" Usijibu kwa mkato. Jibu liko katika Ekaristi na daraja ya upadre: kwetu komunyo inatangaza umoja kamili wa imani na wa Kanisa chini ya maaskofu, warithi wa mitume, na umoja huo bado umevunjika. Waorthodoksi tunakubali sakramenti na daraja zao, japo hatujawa kitu kimoja. Ukilieleza hivi mtu ataumia bado, lakini hataona ametukanwa.

Ubatizo usiuguse. Aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, amebatizwa, iwe alimwagiwa au alizamishwa mtoni. Leta cheti kwa paroko, basi. Mtu huyo ni Mkristo anayepokelewa katika ushirika kamili, kwa hiyo usimwite mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, wala usimpange na wanaosubiri maji Mkesha wa Pasaka. Shaka ya kweli ikiwepo, mathalani alibatizwa kwa jina la Yesu peke yake, ni paroko atakayeamua, si wewe.

Kuhusu Maria watu hutarajia vita, na mara nyingi ni jambo la dakika ishirini. Fungua Luka 1, waone kwamba nusu ya kwanza ya Salamu Maria ni maneno ya malaika na ya Elizabeti. "Utuombee" ndilo neno la kukazia. Kuabudu ni kwa Mungu tu. Biblia nayo, onyesha vile vitabu saba vinavyofanya yetu iwe na 73 na yao 66, wasome kidogo Tobiti au Hekima, uendelee.

Mpentekoste atakuuliza kama umeokoka. Usikasirike. Mwambie tunaokolewa kwa neema, si kwa mastahili yetu, na kwamba Wakatoliki na Walutheri walilitia sahihi hilo pamoja kule Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999.

Kinachowatisha kweli ni kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre. Watu wazima wenye vyeo wameniambia hawalali. Waonyeshe kiti chenyewe kikiwa wazi, pazia, mahali pa kupiga magoti. Waambie padre hawezi kutoa siri ile hata kwa kutishiwa kifo. Waruhusu waandike dhambi zao kwenye karatasi, kisha waichane.

Wiki ya mwisho, nenda nyumbani kwa familia ya anayepokelewa. Mchungaji wao akiwepo, msalimie kwanza. Waambie mapema kwamba wanakaribishwa, watakaa mbele na ndugu yao, na wakati wa komunyo watabaki kwenye viti, ili asiwepo mama wa watu atakayesimama kwenye foleni na kurudishwa mbele ya mwanawe. Mkimaliza, salini Baba Yetu kabla ya kuagana, na mwache mwenye nyumba aanze kwa maneno yake.