Ukipewa uongozi wa floo hosteli, anza na majina ya watu

Wadogo zangu mliochaguliwa kuongoza floo au bloku kwenye hosteli za chuo mwaka huu, hii nawaandikia nyie. Mi nimeongoza floo miaka miwili kwenye hosteli ya wasichana hapa Dar, floo ya tatu, vyumba 24, kila chumba watu wanne kwenye makaratasi ila kiuhalisia ni zaidi ya hapo, nitaeleza. Kule Marekani kazi kama hii wanaiita RA (resident assistant, yaani mwanafunzi msaidizi wa bweni), mwanafunzi anafanyiwa usaili, anapewa mafunzo kabla chuo hakijafunguliwa na wengi wanapata chumba bure. Mi nilipewa funguo za stoo na karatasi ya sheria za hosteli, basi.

Nilianza vibaya, nasema ukweli. Nilifungua grupu la WhatsApp, nikabandika sheria zote, nikaandika anayevunja atajieleza kwa wadeni, yaani msimamizi wa hosteli, nikaona nimemaliza. Wiki ya tatu, saa saba usiku, nasikia mlango wangu unapigwa ngumi, kuna binti chumba cha mwisho pumu imembana, yuko peke yake maana rumeti zake wameenda makwao wikiendi, hawezi kuongea, na sisi watu sita tumesimama pale hakuna hata mmoja anayejua jina lake wala anapoweka pampu yake. Tulimwaga begi zima kitandani. Tukaikuta kwenye kiatu cha raba chini ya kitanda, alikuwa ameificha ili wenzake wasijue anaumwa. Tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali na akapona, namshukuru Mungu, ila mi usiku ule sikulala. Wiki tatu naishi na mtu floo moja, nimemtumia meseji za sheria kumi na kitu, jina simjui.

Ndo nikanunua daftari la kurasa mia mbili. Kila Jumapili jioni, ule muda watu wanasukana na kufua, naingia chumba kimoja kimoja. Daftari naliacha chumbani kwangu kwanza, maana ukiingia nalo mkononi unaonekana mtu wa sensa, watu wanakaa vizuri na kukujibu kama wanahojiwa. Nakaa kitandani, namshikia mtu rasta, tunapiga stori za foleni ya mwendokasi asubuhi, za mwalimu anayefuta testi, na katikati ya stori nauliza nyumbani kwenu wapi, ukiumwa usiku nimpigie nani, kuna dawa unatumia. Nikirudi naandika. Ilinichukua wiki tano kumaliza vyumba vyote na sijawahi kufanya kazi yenye faida kama ile. Afu ukikutana na mtu korido mwite kwa jina analoitwa kwao, sio lile la kwenye orodha.

Sasa nakuja kwenye ndoo. Maji floo yetu yalikuwa yanapanda usiku tu, mchana presha haifiki juu, kwa hiyo kuanzia saa mbili usiku ndoo zinapangwa korido kwenye foleni, kila moja ina jina limeandikwa kwa rangi ya kucha. Nilizizoea zile ndoo kama ninavyozijua sura za wenyewe. Kuna ndoo moja ya kijani, mfuniko umepasuka umeshonwa na uzi wa katani, mwenyewe ni wa mwaka wa kwanza, mpole, anatoka mkoani. Siku moja sikuiona. Siku ya pili sikuiona. Siku ya tatu nikagonga.

Alikuwa amelala na kanga kajifunika mpaka usoni, joto lile la Februari unalijua. Namuuliza unaumwa, ananijibu "nipo tu dada". Jamani, mtu akikuambia "nipo tu" usiondoke. Nilikaa chini kwenye sakafu, sikuuliza kingine, baada ya muda akaanza kulia na kusema hajala toka juzi, wenzake wote bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, limeingia, yeye halijaingia, na anaona aibu kuomba tena maana alishaomba mara mbili. Nilitoka nikanunua wali maharage sahani mbili, mbili kwa sababu mtu mwenye aibu hali ukimwangalia, anakula mkila wote. Asubuhi tukaenda pamoja ofisi ya mikopo pale chuoni. Kumbe jina lake lilikuwepo, alikuwa hajasaini, hakujua kama kuna kusaini, na aliogopa kuuliza. Siku tatu za njaa kwa sababu ya saini!

Kwa hiyo bumu likikaribia kutoka mi napita kila chumba cha mwaka wa kwanza nauliza umesaini, sitegemei grupu. Na ujue hesabu yenyewe, toka mwaka wa masomo 2022/23 hela ya chakula na malazi inahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, kabla ilikuwa 8,500, ila inaingia kwa mkupuo, na mtu wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika laki tano mkononi ananunua simu wiki ya kwanza. Wiki ya sita utaona floo imenyamaza, harufu ya chipsi imepotea, watu wanalala mapema. Wiki hiyo ndo ya kugonga milango.

Kuhusu siri. Waambie mapema, kabla mtu hajakufungukia, kwamba utatunza kila kitu isipokuwa pale maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini. Mtu akikuambia hataki kuishi, usikae nayo mwenyewe hata kama amekuapisha, mkae naye asibaki peke yake na mpigie wadeni usiku huohuo, kesho yake mshauri wa wanafunzi. Kama ni mwalimu au mwanaume anayemsumbua, vyuo saivi vina dawati la jinsia, nenda naye mpaka mlangoni, usimwelekeze kwa mdomo. Wewe sio daktari wala polisi, wewe ni wa kwanza kujua, na hiyo peke yake ni kazi kubwa sana.

Umeme sasa, hapa nakuwa mkali na sijutii. Plagi ya kawaida ya 13A kwa umeme wetu wa 230V mwisho wake ni kama wati 3,000. Hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo inaweza kula 1,500 au 2,000, jiko la koili moja 1,000 na zaidi, pasi 1,000 na kitu, na hivi vyote nimevikuta kwenye ekstensheni moja ya shilingi elfu tano, imezungushiwa solotepu, chini ya godoro. Soketi ilikuwa imeanza kuyeyuka, kahawia pembeni, inanuka plastiki. Nilipokuwa natishia kuripoti walikuwa wanaficha tu. Siku nilipoibeba ile soketi iliyoungua nikaipitisha chumba kwa chumba waishike kwa mikono yao, wiki ile nililetewa hita nne mlangoni kwangu bila kuuliza. Namba ya zimamoto ni 114, iandike ukutani karibu na ngazi.

Haya, kubebana. Sheria inakataza, na kila mtu anajua kwenye kitanda cha futi mbili na nusu wanalala wawili maana mwenzake kakosa chumba na Dar hana ndugu. Mwaka wa kwanza nilimripoti mmoja. Alitolewa jioni ile na mabegi yake, akaenda kupanga chumba mbali huko, na floo nzima iliacha kuniambia chochote kwa miezi miwili, hata bomba likipasuka. Saivi ushauri wangu ni huu, na wengine watakataa: anayebebwa mjue jina kama wengine, aingie kwenye daftari, ikitokea moto ujue mko wangapi kweli. Halafu msukume kila wiki akaombe nafasi rasmi, vitanda huwa vinaachwa katikati ya muhula watu wakiahirisha masomo. Ila ukiulizwa na wadeni moja kwa moja usidanganye. Mi niliulizwa mara moja, nikasema ukweli na nikaomba apewe wiki mbili, akapewa.

Ugomvi wa rumeti sitaki kukaa nao sana, asilimia kubwa ni usafi, taa usiku na wageni, wakalishe wote wakati wameshiba na sio usiku. Kunguni nao, wakitokea chumba kimoja puliza na vyumba vya pembeni siku hiyohiyo, ukipuliza kimoja wanahamia kwa jirani, na usimtaje mwenye chumba kwenye grupu, tafadhali.

Mama wa usafi na baba mlinzi wa geti, shikamoo kila siku. Wao ndo waliniambia nani anarudi saa tisa usiku analia. Wadeni naye mpelekee kitu kamili, "choo cha pili kulia kinavuja toka Jumatatu", atakitengeneza haraka kuliko ukienda kulalamika kwamba floo yetu imesahauliwa.

Na wewe usome. Muhula wa kwanza wa uongozi nilipata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, kwa sababu mlango wangu ulikuwa wazi saa zote. Baadaye nikaandika mlangoni, saa mbili mpaka saa nne usiku njoo kwa lolote, baada ya hapo njoo kwa ugonjwa, moto au hatari. Watu waliheshimu kuliko nilivyofikiria.

Nilipokabidhi uongozi Julai niliyemwachia floo nilimpa funguo, orodha ya bomba mbovu, na lile daftari, nikiwa nimeshachana kurasa za mambo niliyoambiwa kwa siri. Jumapili iliyofuata nilizunguka naye vyumba vyote, nikimtambulisha mtu mmoja mmoja kwa jina.